Mgongo wa Mamba: Tawi Lililookotwa

Gurudumu la mbele lilikuwa bado linazunguka.

Hapo ndipo tulipomwacha Wankyo juma lililopita. Amesimama kwenye njia ya mawe, vidole vimeganda juu ya breki, na mbele yake baiskeli ya mumewe imelala ubavu ukingoni mwa shimo. Wanzagi mwenyewe hayupo. Lipo gurudumu tu, limening'inia mahali pasipo na ardhi, linazunguka polepole na spoku zake zinameta.

"Wanzagi!"

Wankyo aliitupa baiskeli yake, akakimbia. Hakufika. Felisian alimdaka kiunoni, wote wawili wakaanguka kwenye changarawe.

"Niache, mwalimu! Niache!"

"Shemeji, tazama miguu yako. Tazama!"

Wankyo akatazama. Ufa mwembamba ulikuwa umekata ardhi mbele kidogo ya viatu vyake. Udongo wa upande wa pili ulikuwa umeanza kuinama kuelekea shimoni.

"Wankyo..."

Sauti ilitoka chini, mbali, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Mume wangu! Uko hai?"

"Rudini nyuma. Nimeshika gurudumu, likazunguka, likaniachia. Mguu wangu umevunjika. Msisogee. Huku chini kuna..."

Udongo ukashuka. Ulianza kama mchanga unaomwagwa kutoka kwenye debe, ukaishia kwa kishindo. Vumbi jekundu lilipanda, likatulia. Sauti haikurudi.

"Kuna nini?" Gody alinong'ona. "Kasema kuna nini? Nyoka?"



Wachimbaji wa dhahabu huita shimo la namna hii duara. Hili lilichimbwa na watu ambao walishaondoka siku nyingi, wakaacha magogo ya kuegemezea kuta yaoze yenyewe. Yako mengi huku, katika vilima vilivyo kati ya Musoma na Butiama. Kila mpanda baiskeli wa mtaa wa Makoko, Musoma, anajua kwamba ukifika njia panda ya Mgongo wa Mamba, kulia ni raha na kushoto ni kaburi.

Kulia unapanda mwamba mrefu wenye magamba, halafu unateremka kwa kasi hadi karibu na Butiama, na upepo wa ziwa unakusukuma mgongoni. Wanzagi aliipenda njia ile kuliko zote. Gody, ambaye kwao ni Bunda, alikuwa akimtania kila Jumamosi kwamba Mgongo wa Mamba ni wa watoto, mlima wa wanaume uko Bunda. Wanzagi naye humjibu, "Kwenu mnapanda kwa pikipiki, mnashuka kwa baiskeli, halafu mnaita mazoezi."

Leo Gody hakuwa na utani. Alikuwa mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, lakini sasa midomo yake ilikuwa imekauka.

Felisian akatoa simu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, na ndiye kiongozi wa kundi hilo la wapanda baiskeli za milimani. Huwa hapandishi sauti, hata kwa wanafunzi watoro.

"Netiweki hakuna."

"Ya kwangu pia," Gody alisema. "Bondeni huku hakunaga kitu."

Wankyo alikuwa akitazama juu. Upande wa ziwa, mawingu yalikuwa yamebadilika rangi. Hayakuwa meusi bado. Yalikuwa na rangi ya chuma cha jembe.

"Mvua ikinyesha, duara linafanyaje?" aliuliza.

Felisian aliinua simu tena, akitafuta netiweki.

"Mwalimu, nakuuliza. Linafanyaje?"

"Linajaa, shemeji. Au linajifukia."

*

"Lakini alifikaje huku?" Wankyo alipiga ngumi gotini. "Wanzagi anazijua njia hizi usingizini! Tulimwacha pale Buhare anaziba pancha. Tukapita njia panda, tukafika kwenye jiwe la chai tunapopumzika, ujumbe wake ukaingia kwamba ameshaziba na anatufuata. Tukamsubiri tukicheka. Kwa nini akaja kushoto?"

"Mimi nilifunga njia ya kushoto," Felisian alisema taratibu. "Kwa mkono wangu. Gody, uliona nikifunga."

"Niliona," Gody alijibu.

Desturi yao ilikuwa hii. Anayetangulia, akifika njia panda, huvunja tawi bichi na kulilaza katikati ya njia ambayo hawapiti. Ndiyo kufunga njia. Wa nyuma akiona tawi, hageuzi hata shingo. Anafuata njia iliyo wazi. Na yule wa mwisho kabisa, wanayemwita mkia, ndiye huokota tawi, ili wafuga ng'ombe na wapita njia wengine wasije wakachanganywa na alama isiyowahusu.

Mkia siku zote alikuwa Wanzagi.

"Tuliporudi kumtafuta, tawi halikuwepo," Felisian aliendelea. "Ndiyo maana matairi yake yamekata kushoto bila wasiwasi. Mtu ameliondoa."

Kabla hajamaliza, mlio wa mnyororo ukasikika nyuma yao.

Maksai wawili walitokea vichakani, wamefungwa nira, wakiburuta gogo. Nyuma yao alikuja mwanamume mrefu aliyevaa koti la mvua lililochanika begani. Aliona baiskeli, akawashika maksai wake wasiendelee. Yule wa kushoto, mweusi mwenye pembe moja iliyopinda, alianza kukoroma na kurudi nyuma.

"Tulia, Diwani. Tulia, baba," mwanamume alimwambia. Kisha akawageukia wao. "Mmefuata nini huku? Leo mmechoka kupanda milima bila mzigo, mmeamua kushuka shimoni?"

Felisian alimtambua. Rangi ikambadilika usoni.

"Ni wewe, Burito."

"Ni mimi. Shamba langu liko pale. Ulitaka awe nani?"

"Wewe ulisema. Mbele yetu wote ulisema, 'Siku moja mtatumbukia humo humo.' Sasa mwenzetu yumo. Tawi langu umelipeleka wapi?"

"Tawi?"

"Tawi la njia panda!"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Wankyo kumsikia Felisian akipiga kelele. Na shimo nalo lilisikia. Udongo ukamwagika tena ndani, na safari hii kutoka chini kikaja kikohozi. Kikohozi kimoja, dhaifu. Wankyo akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Burito aliinua kiganja.

"Kelele basi," alisema kwa sauti ya chini. "Nilichimba maduara miaka mingi kabla sijawa mkulima. Udongo uliooza hautaki makelele. Mwalimu, ukitaka kumzika mwenzako, endelea kunifokea."

"Umeliondoa au hukuliondoa?"

"Mimi nina haja gani na tawi lako? Nakuulizaga wewe baiskeli yako haina keria kwa nini?"

"Usinizungushe! Una chuki na sisi, kila mtu anajua!"

"Nina chuki, ndiyo. Sijaificha. Lakini..."

"Mwalimu." Gody alikuwa amesimama nyuma yao. "Mwalimu, muache mzee wa watu."

Alifungua zipu ya begi lake la mgongoni. Akatoa tawi. Majani yake yalikuwa yameanza kunyauka, na mahali lilipovunjwa palionekana alama za vidole vya Felisian vilipoligeuza ili livunjike vizuri.



"Wanzagi aliniambia pale Buhare," Gody alisema. "'Gody, leo wewe uwe mkia, mimi pancha hii inanirudisha nyumbani.' Mimi nikajua amerudi. Nikawa mkia. Mkia anaokota tawi. Nikaliokota, nikaliweka kwenye begi ili nikutanie nalo tukifika. Kwenye jiwe la chai ujumbe wake ulipokuja, tukacheka, na mimi nikacheka. Sikukumbuka. Wallahi nilikumbuka tulipofika hapa nikaona gurudumu linazunguka."

 Wankyo angeweza kumrukia. Mtu mwingine angemrukia. Lakini alijua, na Felisian alijua, kwamba Gody alikuwa ametenda hasa vile mkia anavyotakiwa kutenda. Felisian alifunga njia sawasawa. Gody aliokota sawasawa. Wanzagi alifuata njia iliyo wazi sawasawa. Na sasa alikuwa chini ya ardhi.

"Nakwenda juu kwenye mwamba," Gody alisema, machozi yakimteremka. "Kule netiweki ipo. Hilda na wenzetu wa Bunda wanatusubiri Butiama. Wana kamba. Nitawaleta, hata kwa kuwabeba."

Akalitupa tawi njiani kama kitu kinachounguza, akapanda baiskeli. Mtu mnene yule alikanyaga pedeli kwa nguvu ambayo hajawahi kuionyesha Jumamosi yoyote, akapotea konani.

*

Felisian alimgeukia Burito. Alivua helmeti yake.

"Mzee, nimekukosea."

"Umenikosea. Lakini samahani haimvuti mtu." Burito alikuwa tayari anafungua mnyororo kwenye gogo. "Ningekuwa na mtu ningemtuma nyumbani alete kamba. Lakini mke wangu, mama Mbuke, ameenda mnadani Butiama tangu asubuhi, na nyumba ameifunga. Tuna mnyororo huu tu. Nyinyi mna nini?"

"Hatuna kamba."

"Baiskeli za bei yote hiyo, kamba hamna. Haya. Kwanza ziondoeni zote mbele ya Diwani. Zilazeni kule kichakani. Na hizo kofia zinazong'aa."

"Anaogopa baiskeli?" Wankyo aliuliza.

"Anaogopa kengele." Burito alimpapasa maksai shingoni. "Msimu wa kulima mlipita hapa kundi zima, mnateremka, mnapiga kengele kama harusi. Diwani na mwenzake walikuwa kwenye plau. Wakatimka. Jembe likamkata mwenzake mguu, tukamchinja hapo hapo shambani. Nyinyi mlisema 'pole mzee' mkaendelea kushuka. Tangu siku ile, kengele ikilia hata mbali, huyu hamtazami mtu. Anageuka na kuvunja nira."

Felisian aliinamisha kichwa. Ilikuwa desturi nyingine ya kundi lao. Unapowakaribia wenzako unapiga kengele kwa mbali, na ukiwafikia unapiga tena, ndefu, kama salamu.

"Ukamwita Diwani kwa nini?" Wankyo aliuliza huku akikokota baiskeli. Aliuliza tu ili asilie.

"Anaanza na kelele nyingi, kazi baadaye. Lakini akikubali kuvuta, anavuta."

Walilaza baiskeli kichakani. Burito alilisukuma gogo hadi karibu na ukingo, akalilaza juu ya ardhi ngumu ili mnyororo upite juu yake usikate udongo. Alitambaa kwa tumbo, akateremsha mnyororo polepole, akisikiliza. Kisha akaurudisha nyuma na kutikisa kichwa.

"Haufiki. Umepungukiwa urefu wa watu wawili."

Tone la kwanza la mvua lilimpiga Wankyo shingoni.

"Tyubu," alisema.

"Nini?"

"Tyubu za baiskeli! Si watu hufungia viroba vya mkaa kwa mipira ya tyubu, kutoka huku mpaka Nyasho, na haikatiki?"

"Mpira unavutika, shemeji," Felisian alisema. "Uzito wa mtu mzima..."

"Ukisokotwa mitatu mitatu hauvutiki sana," Burito alimkata. "Anasema kweli. Toeni!"

Walitoa upepo, wakachomeka vijiko vya kutolea tairi, wakachomoa tyubu za magurudumu yao na zile za akiba kwenye mabegi. Kila upepo ulipofoka, Wankyo alijua kwamba wanajikata miguu. Bila tyubu hakuna wa kurudi Musoma kwa baiskeli, na hakuna wa kukimbilia msaada. Hakujali.

Hazikutosha.

Ilibaki baiskeli moja tu, ile iliyolala ukingoni. Wankyo alilala kifudifudi, Felisian akamshika vifundo vya miguu. Akanyoosha mkono, akashika fremu, akaivuta kwake taratibu, jiwe kwa jiwe. Tyubu ya nyuma ilikuwa na kiraka kipya. Solusheni yake ilikuwa bado inanukia. Wanzagi alikibandika leo pale Buhare, huku akiimba na kuwafukuza waende zao.

Burito akaisokota mipira mitatu mitatu, akaiunga kwenye mnyororo, akakaza mafundo kwa meno. Mwishoni alifanya kitanzi kipana cha kukaa chini ya makwapa.

Felisian alisemea shimoni kwa kunong'ona, neno moja moja.

"Wanzagi. Jifunge. Ukiwa tayari, vuta mara tatu."

Mnyororo ulining'inia tu.

Mvua ikaanza kuhesabika kwa matone, kisha ikaacha kuhesabika.

"Amekufa," Wankyo alisema.

"Subiri."

"Mwalimu, amekufa!"

Mnyororo ukacheza. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu.

*

"Twende, Diwani! Twende, Sabuni!" Burito aliita kwa sauti laini, akatangulia mbele ya maksai wake akiwagusa mabega. Nira ikalia. Mpira ukavutika, ukavutika, hadi Wankyo akaona weupe katika kiraka kile. Kisha mzigo ukakubali kupanda.

Felisian alikuwa amelala kando ya gogo. "Unakuja. Unakuja. Taratibu, mzee. Unakuja."

Mkono ulijitokeza ukingoni, umejaa tope jekundu.

Wankyo alijirusha na kuukamata. Akauvuta kwa nguvu zake zote, akicheka na kulia, akimwita mumewe kwa jina la kwao ambalo watu wazima hawaitwi hadharani.

Halafu akaacha kucheka.

Mkono ule ulikuwa na bangili.

Aliyetoka shimoni alikuwa mwanamke. Kanga yake ilikuwa imefungwa mkaja, imekazwa tumboni, na ndani ya mkaja ule kulikuwa na mawe. Alianguka juu ya gogo akitapika vumbi.

Burito aligeuka kutoka kwa maksai wake. Alisimama kama mti.

"Mama Mbuke?"

Nyangi, mke wa Burito, hakuweza kuinua macho.

"Wewe si uko mnadani? Nyangi! Nilikukataza kuokota mawe ya dhahabu humu. Ndugu yangu alifia humu, nilikupigia magoti!"

"Nisamehe." Sauti yake ilikuwa mkwaruzo tu. "Nilianguka asubuhi. Nimeita mpaka koo limekufa. Kijana wa baiskeli alisikia kutoka njia panda, akadhani ni wenzake wanamwita huku. Akaja kunipa mkono, ukingo ukakatika naye."

Wankyo alimshika mabega. "Mume wangu yuko wapi? Kitanzi kilikuwa cha kwake!"

"Alinivalisha mimi. Nikamwambia wewe umevunjika, tangulia. Akasema hapana, mama. Amenisimamisha begani kwake, na mguu ule ule..." Nyangi alimshika Wankyo mkono. "Dada, maji yameingia. Yamefika hapa kwake."

Akagusa kifua.

Hilo ndilo Wanzagi alilotaka kuwaambia kabla udongo haujamfunga mdomo. Huku chini kuna mtu.

Felisian alikwishateremsha kitanzi tena. Walingoja. Mnyororo haukucheza. Alinong'ona jina, akarudia. Mnyororo haukucheza. Upande wa pili wa duara, kipande cha ukuta chenye ukubwa wa mlango kilijitenga na kuteleza ndani bila haraka, na maji yakasikika yakikipokea.

"Hana nguvu ya kujifunga," Felisian alisema. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi na mvua. "Nitashuka mimi."

"Wewe utashuka ufanye nini? Ulishawahi kuingia duarani?" Burito alikuwa anavua koti. Alimfunika nalo mkewe bila kumtazama, akavuta mnyororo juu, akavaa kitanzi chini ya makwapa yake mwenyewe. "Nitamfunga kifuani kwangu. Nikivuta mara tatu, tupandisheni wote wawili."

"Mpira utahimili wawili?" Wankyo aliuliza.

Burito alikitazama kiraka. "Nani alikibandika?"

"Yeye."

"Basi tumwamini."

"Na maksai? Nani atawaongoza?"

"Wananijua mimi na mama Mbuke. Mama Mbuke hasimami. Utawaongoza wewe." Alimshika mkono, akauweka juu ya bega la Diwani. Ngozi ya maksai ilikuwa ya moto, inarukaruka. "Usimpige. Umguse hapa, utangulie, umwambie twende. Na usigeuke nyuma. Chochote utakachosikia, dada yangu, usigeuke. Ukigeuka, naye anageuka."

Akashuka.

*

Wankyo alisimama kwenye mvua, mkono juu ya bega la Diwani, mgongo wake umeelekea shimo ambalo ndani yake mna mumewe. Mbele yake hapakuwa na kitu ila njia ya mawe inayokwenda kukata kona.

Nyuma alisikia Nyangi akiomba kwa mkwaruzo wake. Alisikia maji. Kisha sauti ya Felisian, ndogo kabisa.

"Mara moja. Mbili. Tatu. Shemeji, nenda."

"Twende, Diwani," Wankyo alisema.

Diwani alikoroma. Hakusogea.

"Twende, baba. Nakuomba. Anaanza na kelele, kazi baadaye, eti? Haya, kelele umeshapiga. Twende."

Kwato ikainuka. Ikatua. Nira ikalia, na mnyororo ukakaza hadi ukaimba. Hatua. Hatua nyingine. Wankyo aliona miguu yake mwenyewe ikikanyaga matope, akiihesabia kila hatua jina la Mungu.

"Wanakuja!" Felisian alisema nyuma yake. "Naona kichwa cha mzee. Endelea. Shemeji, namuona Wanzagi! Amefumba macho, lakini... amekohoa! Endelea hivyo hivyo. Kiraka kimeanza kuachia pembeni, usisimame, usisimame!"

Hakugeuka. Shingo yake ilimuuma kwa kutogeuka.

Na hapo ndipo aliposikia mbali, ng'ambo ya kona, mlio mwembamba katikati ya mvua.

Moyo wake uliruka kwa furaha. Kengele! Si moja, nyingi. Gody amewapata. Hilda na watu wa Bunda wamekuja na kamba, wanapiga kengele kwa mbali ili wenzao wajue kwamba msaada umefika.

Chini ya kiganja chake, bega la Diwani likawa jiwe.

Gody hakujua. Aliondoka kabla Burito hajaeleza habari ya plau. Wamepiga ya mbali. Wakifika kwenye kona watapiga ile ndefu, ya salamu, wote kwa pamoja, kwa nguvu zaidi kwa sababu leo ni siku ya shida.

Masikio ya Diwani yalisimama. Pembe iliyopinda ikaanza kugeuka.

"Diwani, nitazame mimi. Mimi, baba."

Kupiga kelele hawezi, shimo litasikia. Kukimbia kuwazuia hawezi. Akiliacha bega lile, watu wawili watarudi chini na mnyororo na nira na kila kitu. Mlio wa matairi juu ya mawe ulikuwa umeshaanza kusikika.

Ndipo akaliona. Mbele kidogo ya mguu wake, ndani ya matope, lilikuwepo lile tawi ambalo Gody alilitupa. Majani yamenyauka, mvua imeyabandika chini.

Kundi lote linajua maana ya tawi. Njia imefungwa. Simama.

Bila kuliacha bega la Diwani, Wankyo alinyoosha mguu, akalivuta tawi kwa kidole cha kiatu, akalisukuma mbele, akalilaza katikati ya njia.

Kisha akainua macho.

Aliyetokea wa kwanza kwenye kona alikuwa Gody, analia na kucheka, mvua inamtiririka usoni, na kidole gumba chake kilikuwa tayari juu ya kengele.